Kambi ya familia kando ya ziwa: Wisconsin na Minnesota, Marekani

Anza na kalenda. Mbuga za jimbo la Wisconsin hupokea maombi ya nafasi miezi 11 kabla, Minnesota siku 120. Wikiendi za Julai hujaa upesi. Kwenye ramani tafuta kiwanja cha mwinuko, hatua 60 hivi kutoka chooni. Ukikikaribia zaidi choo, mlango wake utabamiza usiku kucha. Cha bondeni hugeuka dimbwi mvua ikinyesha, na mbu wa Juni hawana huruma. Kabla ya kusimika hema, tazama juu: matawi makavu huanguka bila upepo. Watoto waogelee penye mchanga, si penye majani na konokono. Vimelea vya konokono huleta muwasho. Kuni nunua hukohuko, kwa sababu wadudu waharibifu husafiri ndani ya magogo. Mbuga za Wisconsin hukataa zilizotoka zaidi ya maili 10, isipokuwa zilizoidhinishwa.