Kansa ya matezi na kipimo cha jeni: fuata hivi kabla hujauza shamba la parachichi

Wakuu, watu wa Tukuyu, Njombe, Mafinga na kwingine, naona siku hizi mgonjwa akiambiwa ana limfoma, yaani kansa ya matezi, ndugu wanaanza kuulizana kipimo cha jeni kinafanyika wapi na India ni bei gani. Taratibu kwanza. Mimi niko upande wa maabara, ngoja niwape mtiririko.

Jambo la kwanza, hii DNA sio ile ya Mkemia Mkuu ya kujua mtoto ni wa nani. Hapa wanapima jeni za uvimbe wenyewe, zile zilizoharibika ndani ya seli za kansa mtu akiwa ameshazaliwa zamani, kwahiyo msiitishe kikao cha ukoo kutafuta nani kaleta ugonjwa, na watoto wa mgonjwa hawapelekwi kupimwa kwa sababu ya hayo majibu.

Sasa tezi limevimba shingoni, kwapani au kwenye kinena, haliumi, wiki zinapita, mtu anakonda na usiku analowa jasho. Huku kwetu wengi wanaanzishiwa dozi ya TB, na sio ujinga maana TB ya matezi ipo kweli, VVU huku Njombe, Iringa na Mbeya iko juu, na dalili zinafanana mno. Ila kama TB haijathibitishwa na tezi linazidi kukua usikae kimya na vidonge miezi 6 yote, rudi uombe wakate kinyama (biopsi), yaani kipande cha uvimbe cha kwenda kupimwa maabara.

Na kinyama ndio kila kitu, nasisitiza. Sindano ya kuvuta tu mara nyingi haitoshi kwa limfoma, ikiwezekana tezi zima litolewe maana daktari wa patholojia, yule anayesoma kinyama kwa darubini, anataka kuona seli zilivyojipanga, na kipimo cha jeni nacho kinataka nyama ya kutosha. Kabla ya kukata, mgonjwa asinunuliwe prednisoloni wala deksa duka la dawa "ili uvimbe upungue kidogo", hizo dawa zinayeyusha limfoma, tezi linanywea, halafu majibu yanakuja hayaeleweki. Kama anabanwa pumzi hiyo ni dharura, daktari mwenyewe ataamua.

Kikishakatwa kiingie kwenye formalini (dawa ya maji ya kuhifadhi kinyama) ya asilimia 10 yenye bafa, na iwe nyingi, kama mara 10 ya ukubwa wa kinyama, sio spiriti. Hapa ndipo panapoharibika mara nyingi: chupa inakaa kwenye dirisha la wodi wiki mbili inasubiri mtu wa kwenda Dar. Formalini ikikaa muda mrefu inakatakata DNA, macho ya patholojia yanaweza bado kuona kansa lakini kipimo cha jeni kinagoma. Uliza kinyama kitafika maabara lini, kigeuzwe bloku ya nta mapema, yaani kigandishwe ndani ya kipande cha nta, ndani ya siku moja au mbili, maana bloku inakaa miaka. Ikibidi kutuma mbali tuma bloku, na kwenye basi isiwekwe karibu na injini, nta ni nta.

Majibu ya kwanza ni ya rangi za kingamwili, zinazoonyesha protini za seli ili ijulikane ni limfoma ya aina gani: CD20, CD3, CD10, BCL6, MUM1, Ki-67. Hizi sio jeni, ila bila hizi jeni hazina maana. CD20 ikiwa chanya, rituximab (dawa ya dripu inayolenga hiyo CD20) inaingia kwenye mpango, na kabla ya kuitundika hakikisha wamepima homa ya ini B, maana hiyo dawa inaweza kuiamsha vibaya.

Baada ya hapo ndio FISH, kipimo cha jeni chenyewe, wanaangalia kama jeni za MYC, BCL2 na BCL6 zimehama sehemu yake. Kwenye limfoma ya seli B kubwa, ile ya kawaida zaidi kwa watu wazima, kama wagonjwa 6 kati ya 10 wanapona kwa R-CHOP (rituximab pamoja na mchanganyiko wa kemo), lakini MYC na BCL2 zikiwa zimehama zote mbili R-CHOP mara nyingi inazidiwa, na madaktari wengi wanafikiria dawa kali zaidi kama DA-EPOCH-R. Jeni ya TP53 ikiharibika nayo ni habari mbaya. Ila msisome jeni moja mkaanza kulia: Burkitt, aina nyingine ya limfoma, ile inayowapata zaidi watoto wa maeneo ya malaria kama Kyela, karibu zote MYC imehama na bado inatibika vizuri kwa kemo ya nguvu. Jeni ileile, ugonjwa mwingine, hesabu nyingine. Na Burkitt inakua kwa kasi ya ajabu, kemo isisubiri majibu ya jeni.

Kuhusu vile vipimo vikubwa vya mamia ya jeni kwa mkupuo, maoni yangu ni kwamba kwa mgonjwa anayeanza matibabu mara nyingi havibadilishi dawa atakayopewa. Majaribio yaliyoongeza dawa mpya juu ya R-CHOP kwa kufuata aina ndogo ya uvimbe, kadhaa hayakuleta nafuu iliyotarajiwa. Kwahiyo muulize daktari wa kansa, iwe Rufaa ya Kanda Mbeya au Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar: "Daktari, majibu haya yakitoka hivi au vile, dawa itabadilika?" Akisema hapana, hiyo hela ni ya nauli, chakula na kumalizia mizunguko ya kemo bila kuruka, maana kuacha kemo katikati kunaua haraka kuliko kutokujua jeni.

Mwisho andika namba ya bloku kwenye daftari la mgonjwa, piga picha ripoti zote kwa simu, na uliza maabara bloku itatunzwa wapi. Ugonjwa ukirudi watakata kinyama kipya, na watataka kukilinganisha na kile cha zamani.