SOMO: Mstafeli unachanua lakini hauzai

Wenzangu, mstafeli wangu hapa Malindi ulichanua miaka miwili nisipate hata stafeli moja. Nikalaumu udongo, kumbe tatizo liko ndani ya ua.

1. Mahali. Asili ya mti huu ni Amerika ya kitropiki, kwa hiyo joto letu unalipenda. Usichokiweza ni upepo wa kusi wenye chumvi na maji yaliyotuama. Uupande nyuma ya nyumba au ukuta, masika yakianza. Shimo liwe futi mbili; ukikuta mawe ya matumbawe yatoe, ujaze udongo mwekundu na samadi iliyooza.

2. Mizizi iko juujuu. Usipige jembe shinani. Tandaza majani makavu, yasiguse shina.

3. Kuchavusha, na hapa ndipo penye kazi. Ua moja lina sehemu ya kike na ya kiume, ila ya kike hutangulia kukomaa. Unga wa kiume ukitoka, mwenzake ameshakauka. Wadudu wa kuuhamisha ni wachache, basi fanya mwenyewe. Asubuhi mapema, kung'uta ua lililofunguka kabisa juu ya kisahani. Chovya brashi laini. Kisha tafuta ua ambalo petali zake nene ndiyo kwanza zinaachana, zipanue taratibu, utaona kifundo kinachong'aa na kunata, ndiyo sehemu ya kike. Zungusha brashi pande zote. Ukipaka upande mmoja, stafeli litakuja limejipinda kama korosho. Mimi huanza na maua ya kwenye shina na matawi manene, maana ndiyo yanayohimili uzito.

MASWALI

Mama wa Muyeye: Shikamoo mwalimu. Wangu una vidudu vyeupe kama pamba.
— Marahaba mwanangu. Osha kwa maji ya sabuni, na uwazuie sisimizi wasipande, wao ndio walinzi wa hao wadudu.

Kijana wa Mambrui: Nimeotesha mbegu. Nisubiri hadi lini?
— Miaka mitatu hadi mitano, mwanangu. Na mbegu ziweke mbali na watoto, zina sumu.

Dada wa Gede: Nachuma lini?
— Kijani kikififia na miiba ikiachana na kulainika, lichume likiwa bado gumu, likaivie ndani. Ukingoja liivie mtini, utaliokota chini limepasuka.