Jinsi ya kuonyesha kwa kalamu kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa

Waandishi wa programu wanaijua hii. Ni 2^31 − 1. Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alithibitisha utasa wake kwa mkono mwaka 1772, uzeeni, macho yakiwa karibu yameisha. Tufuate njia yake.

Hatua ya 1. Tafuta ukomo. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na ushee. Ikiwa ina kigawo, kimoja lazima kiwe chini ya hapo. Lakini namba tasa za chini ya hapo zinapita 4,700, na hakuna anayetaka kugawa mara zote hizo.

Hatua ya 2. Chuja. Kigawo tasa chochote cha 2^31 − 1, ukikigawa kwa 62, lazima kibakize 1. Hii inatokana na kanuni ya Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa: 31 lazima igawe kigawo hicho toa moja, nacho ni witiri.

Hatua ya 3. Chuja tena. Ukikigawa kwa 8, kibakize 1 au 7. Unganisha masharti mawili: zinabaki namba za umbo 248k + 1 na 248k + 63 tu. Hadi ukomo wetu zipo namba 373, na nyingi zinajitoa zenyewe (63 na 249 zinagawanyika kwa 3).

Hatua ya 4. Jaribu zilizobaki. Ya kwanza ni 311. Usigawe tarakimu kumi, panda kwa vipeo na ushike baki ya kugawa kwa 311 tu:
2^8 = 256
2^16: 256 × 256 = 65,536, baki 226
2^24: 226 × 256 = 57,856, baki 10
2^31: 10 × 128 = 1,280, baki 36
Toa 1, unapata 35. Si sifuri, kwa hiyo 311 imeshindwa. Inayofuata ni 1,303. Endelea hivyo hadi ukomo. Jioni chache zinatosha.

MASWALI

Mwalimu, hiyo 8 imetoka wapi?
Kama kigawo kinagawa 2^31 − 1, basi 2^31 inabakiza 1 na 2^32 inabakiza 2. Lakini 2^32 ni mraba wa 65,536. Namba tasa witiri ambazo mraba unaweza kubakiza 2 ni zile tu zinazobakiza 1 au 7 kwa 8.

Kwani kipeo, yaani 31, kuwa tasa hakutoshi?
Hakutoshi, mkuu. 2^11 − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89. Hata Mersenne mwenyewe, mtawa wa Ufaransa ambaye namba za umbo hili zinaitwa kwa jina lake, mwaka 1644 aliorodhesha vipeo 67 na 257 kuwa vinatoa namba tasa, vyote akakosea.

Ndiyo hii ya tatizo la 2038?
Ndiyo hiyo, namba kubwa kuliko zote ambayo kompyuta inaweza kuhifadhi kwa biti 32 zenye alama ya jumlisha au toa. Kwenye kompyuta zinazohifadhi saa hivyo, sekunde zinazohesabiwa tangu 1 Januari 1970 zitaifikia 19 Januari 2038, kwa saa za Afrika Mashariki saa 12:14 asubuhi. Ila utasa wake hauna hatia. Hata ingekuwa inagawanyika kwa 3, kompyuta zingekwama vilevile.