Kujiandaa kwa mtihani wa nadharia wa udereva ukiwa Kigoma

Leseni ya kujifunzia hudumu miezi mitatu. Wengi huimaliza yote kwenye usukani na gia, halafu wiki ya mwisho ndipo wanakesha na karatasi ya alama za barabarani wakikariri majina. Trafiki hatakuuliza majina peke yake. Atakuchorea makutano, ataweka magari matatu, kisha atauliza nani apite kwanza na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo inayowaangusha watu, kwa hiyo anza nadharia siku ileile unayoanza vitendo.

Makaratasi tuyamalize haraka: kwa gari uwe umetimiza miaka 18, uwe na namba ya mlipakodi (TIN) kutoka Mamlaka ya Mapato (TRA), leseni ya kujifunzia, na umesoma chuo cha udereva kinachotambuliwa. Maswali huja kwa maandishi au kwa mdomo, picha ikiwa mbele yako. Jiandae kwa yote mawili, maana mwenye kujua kuweka vema tu hubaki kinywa wazi anapoambiwa aeleze.

Alama: soma umbo kabla ya picha

Usianze na mchoro wa ng'ombe au wa watoto wa shule. Anza na umbo na rangi. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza au linaweka kikomo. Duara la bluu linaamuru ufanye jambo fulani. Vibao vya mstatili vinakuelekeza na kukupa taarifa. Ukishika hayo manne, hata alama usiyowahi kuiona utajua imekuja kukufanya nini, na nusu ya jibu unayo.

Alama mbili zimepewa maumbo ya peke yake kwa makusudi: SIMAMA ina pembe nane, na ya kutoa nafasi ni pembetatu iliyogeuzwa, ncha chini. Sababu ni kwamba dereva azitambue hata kibao kikiwa kimejaa vumbi jekundu, au akikiona kwa nyuma. Tofauti ya alama hizi mbili huulizwa sana. Kwenye SIMAMA matairi lazima yatulie kabisa, hata barabara ikiwa tupu hadi unakoweza kuona. Kwenye kutoa nafasi unapunguza mwendo, unaangalia, na kama hakuna wa kumpisha unaendelea bila kusimama. Anayejibu kwamba "zote unasimama" amekosa, na anayejibu "zote unaangalia tu" amekosa vilevile.

Njia ya kusoma inayofaa ni kadi. Kata karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa kiganja. Mbele chora alama kwa mkono wako mwenyewe, hata kama unachora vibaya. Nyuma andika mistari mitatu: inaitwaje, inamaanisha nini, dereva afanye nini. Mstari wa tatu ndio wenye maksi. "Kona kali kushoto" si jibu kamili. Jibu ni kupunguza mwendo na kushusha gia kabla ya kuingia kwenye kona, kubaki upande wako, na kutolipita gari jingine hapo. Kadi kumi kwa siku zinatosha. Kesho yake changanya za jana na za leo, na uliyokosa irudishe juu ya rundo.

Michoro ya barabarani isomwe pamoja na vibao. Mstari mweupe usiokatika katikati ya barabara hauvukwi, uliokatika unavukwa kama ni salama. Ikiwa imelala miwili sambamba, mmoja umekatika na mwingine haujakatika, utii ule ulio karibu na wewe.

Nani apite kwanza

Hapa tumia nusu ya muda wako wote. Shika kwanza ngazi ya mamlaka: askari anayeongoza magari anashinda taa, taa zinashinda vibao, na kanuni ya jumla hutumika pale ambapo hakuna chochote kati ya hivyo. Taa ikiwa ya kijani na askari amekuinulia kiganja, unasimama.

Kanuni ya jumla kwenye makutano yasiyo na alama ni kumpisha aliye kulia kwako. Nyingine ni kwamba anayekata kulia anampisha anayekuja mbele yake akiwa ananyoosha. Sasa chora njia nne zisizo na kibao. Wewe unanyoosha. Kulia kwako kuna Noah, nayo inanyoosha. Kushoto kwako kuna bodaboda anayetaka kukata kulia. Noah haina mtu kulia kwake, na bodaboda anayekata mbele yake lazima aisubiri, basi inapita ya kwanza. Wewe unafuata, kwa kuwa bodaboda anakuona kuliani kwake. Bodaboda ni wa mwisho. Mtaani pale Mwanga, hapa Kigoma, angekuwa ameshapita zamani, na wapo wanaoandika jibu hilo kwa sababu ndilo wanaloliona kila siku. Mtihani hauulizi mnafanyaje mtaani.

Chora mifano kama hiyo, ubadilishe magari na uelekeo, na kila mara useme sababu kwa sauti.

Kwenye kipilefti wapishe waliomo tayari, wanaotokea kulia kwako. Indiketa ndiyo inayochanganya. Ukitoka njia ya kwanza kushoto, washa ya kushoto kabla ya kuingia. Ukinyoosha, unaingia bila indiketa, na unawasha ya kushoto ukishapita njia iliyo kabla ya yako. Ukienda kulia, unaingia na ya kulia, kisha unabadili kuwa ya kushoto kabla ya kutoka. Ona kwamba kila anayetoka anatoka na indiketa ya kushoto.

Jambo moja la watu wa huku: ukivuka Manyovu kuingia Burundi magari yanapita kulia. Kama umekulia kwenye safari za mpakani, au umefundishwa na mtu aliyezoea kuendesha upande ule, kanuni za kupishana zinaweza kukugeukia kichwani. Tanzania tunaendesha kushoto na tunalipita gari kwa kulia. Ukichora mfano, anza kwa kuweka mshale wa upande wa kuendesha.

Mwendo, umbali na milima

Kwenye makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Mabasi na magari mazito hayazidi 80 hata nje ya mji. Usiishie kwenye namba. Gawanya mwendo kwa 3.6 upate mita kwa sekunde: kwa 50 unakwenda karibu mita 14 kila sekunde, yaani kabla mguu haujagusa breki umeshapita urefu wa magari matatu madogo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki huongezeka mara nne. Kwenye lami kavu acha nafasi ya sekunde mbili nyuma ya gari la mbele. Mvua ikinyesha, fanya nne.

Maswali ya mlima yafanyie mazoezi ukiwa kwenye mteremko kweli, mfano ile barabara inayopanda kutoka stesheni. Ukiegesha ukiwa unapanda na kuna ukingo wa zege kushoto, geuza matairi ya mbele kulia, ili gari likirudi nyuma lizuiwe na ukingo. Ukishuka, geuza kushoto. Pasipo na ukingo, geuza kushoto kwa hali zote mbili, gari liende pembeni na si katikati ya barabara. Hendibreki juu; gia namba moja ukipanda, rivasi ukishuka. Pakiwa pembamba, anayeshuka ampishe anayepanda, kwa kuwa kuondoka tena mlimani ni kugumu zaidi.

Maswali ya gari lenyewe ni mepesi, ila yana mitego. Oili hupimwa injini ikiwa imezimwa na gari liko tambarare. Mlimani kijiti kitakudanganya. Rejeta haifunguliwi ikiwa ya moto, maana maji yana msukumo na yatakurukia usoni. Kariri pia 112 ya polisi na 114 ya zimamoto.

Siku yenyewe

Beba leseni ya kujifunzia, kitambulisho na kalamu mbili. Kila swali tafuta kwanza maneno "isipokuwa", "si sahihi" na "kwanza", uyapigie mstari. Majibu mawili yakifanana, jiulize lipi linamlinda anayetembea kwa miguu. Mara nyingi ndilo. Kwa mdomo, taja kitendo kisha sababu, ukomee hapo. Wanaoendelea kupamba hujiingiza kwenye swali jingine.

Ukifaulu nadharia bado unasubiri vitendo na cheti cha umahiri. Mpaka leseni yenyewe itoke, herufi L nyekundu ibaki mbele na nyuma ya gari, na pembeni yako akae mwenye leseni halali ya daraja hilo.