Kanuni za ovataimu jimbo kwa jimbo: weka saa kwanza, viwango baadaye

Kadi ya masaa iliyonifunza kazi hii ya kuweka kanuni za ovataimu, yaani malipo ya masaa ya ziada, kwenye mfumo wa mishahara ilikuwa ya kijana wa ghalani huko Reno, jimbo la Nevada, Marekani. Jumatatu aliingia saa nane mchana, akatoka saa nne usiku. Jumanne wakamwita mapema, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Mfumo ukaona siku mbili za masaa 8 ukamlipa kawaida. Alinipigia simu akauliza kwa upole kama hesabu iko sawa. Haikuwa sawa.

Nevada, anayelipwa chini ya mara moja na nusu ya kima cha chini cha mshahara anastahili ovataimu akipita masaa 8 kwa siku. Na siku hiyo haianzi usiku wa manane. Inaanza pale mfanyakazi anapoanza kazi, inakwenda masaa 24. Kima cha chini ni dola 12 kwa saa, mpaka ni dola 18, na kijana alikuwa kwenye dola 16. Siku yake ya Jumatatu ilikuwa haijaisha hadi Jumanne saa nane mchana. Masaa 6 ya asubuhi ile yote yalikuwa ovataimu.

Kwa hiyo ukifungua ukurasa wa kanuni kwenye mfumo wako wa mishahara, usikimbilie viwango. Tafuta kwanza mahali pa kuweka mwanzo wa siku na mwanzo wa wiki. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 kuhusu mishahara na masaa ya kazi, FLSA, inataka wiki ya kazi iwe masaa 168 yasiyohamahama. Unaweza kuianza Jumapili au Jumatano, ila ukichagua umechagua. Hata kama mnalipa kila baada ya wiki mbili, kila wiki ihesabiwe peke yake: masaa 50 wiki hii na 30 wiki ijayo ni masaa 10 ya ovataimu, hayafutani. Nimeona mifumo ikiwa na kitufe cha kukokotoa kwa kipindi cha malipo. Kizime.

Kisha jimbo. Mfungie mfanyakazi kanuni ya mahali anapofanyia kazi, wala si ya makao makuu wala ya anwani yake ya nyumbani. Anayezunguka majimbo mawili apige kadi kwa eneo, na eneo ndilo libebe kanuni.

Sasa tengeneza kanuni moja ya msingi: zaidi ya masaa 40 kwa wiki, mara moja na nusu. Texas inatosha hiyo. Likizo na sikukuu zilizolipwa zisiingie kwenye hayo 40, kwa maana si masaa yaliyofanyiwa kazi. Msimbo wa likizo uwe na alama ya kutohesabiwa. Kanuni hiyo uinakili, kisha nakala uiongezee ya jimbo.

California ndiyo itakayokula muda wako. Kwa siku: masaa 8 ya kwanza kawaida, kuanzia la 9 hadi la 12 mara moja na nusu, kupita 12 mara mbili. Kwa wiki: zaidi ya masaa 40 ya kawaida. Hilo neno "ya kawaida" ndilo lenye mtego. Mtu akifanya masaa 10 Jumatatu hadi Ijumaa, kisha 6 Jumamosi, jumla ni 56: kawaida 40, ovataimu 16. Mfumo uliowekwa vibaya utahesabu 10 za ovataimu ya siku (2 kila siku kwa siku tano), halafu utoe 40 kwenye 56 upate 16 nyingine, ulipe 26. Tafuta chaguo linalosema saa iliyokwisha kuwa ovataimu kwa siku isihesabiwe tena kwa wiki.

Halafu siku ya saba mfululizo: masaa 8 ya kwanza mara moja na nusu, yanayozidi mara mbili. Mahakama ya Juu ya California iliamua mwaka 2017 kwamba siku saba hizo ziwe ndani ya wiki moja ya kazi. Kama wiki yenu inaanza Jumapili, aliyefanya kazi Jumatano hadi Jumanne hajafika siku ya saba. Kihesabio kianze upya kila wiki.

Colorado ni zaidi ya masaa 40 kwa wiki, 12 kwa siku, au 12 mfululizo bila kujali siku imekatika wapi. Unalipa ile inayompa mfanyakazi zaidi. Zamu ya saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili asubuhi ni masaa 14. Mfumo unaokata usiku wa manane unaona 6 na 8, na masaa mawili ya mtu yanapotea. Alaska ni 8 kwa siku na 40 kwa wiki.

Bado kuna kiwango chenyewe. Ovataimu haikokotolewi kwenye mshahara wa saa mtupu. Bonasi iliyoahidiwa na nyongeza ya zamu ya usiku zinaingia. Mfano, bonasi ya mahudhurio ya dola 100 kwa masaa 50. Kwa shirikisho, 100 kwa 50 ni dola 2, nusu yake mara masaa 10: nyongeza dola 10. California, kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu ya jimbo wa mwaka 2018, bonasi ya kiasi maalumu inagawanywa kwa masaa ya kawaida tu: 100 kwa 40 ni 2.50, mara moja na nusu, mara 10. Dola 37.50. Basi msimbo wa bonasi nao uufunge kwa jimbo.

Usiwashe kanuni kabla ya kuijaribu. Mimi nina wafanyakazi watano wa bandia, kila mmoja na kadi ya zile zilizotusumbua, na majibu niliyoyapiga kwa mkono. Kadi ya Reno ndiyo ya kwanza. Majibu yakitofautiana hata kwa senti moja, siendelei. Kanuni ipe tarehe ya kuanza kutumika, iwe mwanzo wa wiki ya kazi, na ile ya zamani usiifute. Utaihitaji ukirudi nyuma kulipa malimbikizo. Kwetu tulirudi nyuma kwa kila mtu wa ghala la Reno aliyekuwa chini ya mpaka, na kijana yule nilimpigia mwenyewe kumwambia fedha yake inaingia Ijumaa.