Kuseti tapeti na kusaga valvu: usiogope kelele, ogopa valvu iliyobana

Watu wengi wakisikia tik tik juu ya injini wanataka ikae kimya kabisa, basi skrubu za roka (mkono unaosukuma valvu ifunguke) zinabanwa mpaka kelele inaisha na kila mtu anafurahi, kumbe hapo ndo valvu inaanza kuungua. Valvu inapoa ikiwa imekaa kwenye siti yake (ukingo inaokalia ikifunga), joto linapita pale kwenda kwenye hedi (sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu). Ukiinyima nafasi kati ya mkia wake na roka (nafasi hiyo ndo inayorekebishwa ukiseti tapeti), chuma kikipata moto kinarefuka, valvu haifungi vizuri, gesi ya moto inapenya na kula ukingo wake. Valvu ya ekzosti (ya kutoa moshi) ndo inaumia zaidi, ndo maana injini nyingi huipa nafasi kubwa kuliko inleti (ya kuingiza hewa), tuseme 0.20 mm kwa inleti na 0.30 kwa ekzosti, ila huo ni mfano tu, vipimo vyako fuata kitabu cha injini yako, na uangalie kama kinataka ikiwa baridi au ya moto.

Kwa silinda nne zenye faya oda (mpangilio wa silinda kuwaka) 1-3-4-2, zungusha karanki (shafti kuu ya injini) kwa spana taratibu huku ukitazama silinda ya 4. Ekzosti ikiwa inamalizia kufunga na inleti inaanza kufungua, silinda ya 1 iko tayari kusetiwa. Vivyo hivyo, valvu za silinda ya 1 zikikutana seti za 4, za 2 seti za 3, za 3 seti za 2. Filagegi (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ipite kwa mkwaruzo kidogo, isilazimishwe. Ukishakaza loknati (nati inayoshikilia skrubu ya roka) PIMA TENA, maana skrubu huzunguka nayo. Na roka ikiwa imelika kishimo, filagegi inakaa juu ya kile kishimo kwahiyo nafasi halisi ni kubwa kuliko unayosoma, hapo badilisha au chonga roka kwanza.

Tapeti ziko sawa na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) bado iko chini? Tia oili kidogo kwenye silinda upime tena, ikipanda shida ni ringi za pistoni, isipopanda shuku valvu au gasketi ya hedi.

Ukishusha hedi anza na gaidi (kibomba kinachoongoza mkia wa valvu) jamani, sio pesti ya kusagia! Mashine ya kuchonga siti inajishika kwenye gaidi, gaidi ikicheza siti inatoka upande na hakuna kusaga kutakakoiokoa. Siti nyingi ni digrii 45, na mstari wa kugusana uwe wa kijivu, mwembamba, sawa pande zote. Pesti ni ya kumalizia na kukagua tu, ukisaga sana unachimba mfereji kwenye valvu. Osha yote, chembe zikibaki zitakula gaidi na ringi.

Funga valvu na springi, mimina mafuta ya taa kwenye tundu za inleti na ekzosti, usubiri. Ikivuja upande wa chemba rudia hiyo valvu. Na kwa vile siti ikichongwa valvu inazama na mkia wake unapanda juu, nafasi ya zamani imeshapotea, kwahiyo ukirudisha hedi seti tapeti zote upya.