SOMO: Una kifafa na kichwa kinauma? Tazama saa kabla ya kutafuta kidonge

Ndugu zangu, somo hili ni la mwenye kifafa anayesumbuliwa na kichwa, na la anayemuuguza. Mimi mwenyewe naishi na kifafa. Kwa miaka mingi kila nilipofika kliniki niliulizwa nimeanguka mara ngapi, nikajibu, nikapewa dawa, nikaondoka. Kichwa sikukitaja hata siku moja. Nilikichukulia kuwa ni sehemu ya kifafa, kama ule uchovu wa mwili. Kumbe nilikuwa na magonjwa mawili, kifafa na kipandauso, yaani maumivu makali ya kichwa yanayorudi-rudi, na hilo la pili lilikuwa na tiba yake muda wote huo.

Wengi tuko hivyo. Kipandauso kinampata takriban mtu mmoja kati ya kila saba duniani, na tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kuwa kwa mwenye kifafa uwezekano huo unapanda kwa karibu nusu zaidi. Magonjwa haya ni majirani. Mwaka 1944 mtafiti wa Brazili, Aristides Leão, alikuwa akichunguza kifafa kwenye ubongo wa sungura. Akakuta jambo ambalo hakulitafuta: wimbi la kuzimika kwa umeme, likitambaa polepole juu ya ubongo, milimita chache tu kwa dakika. Wimbi la namna hiyo ndilo linaloaminika leo kuleta zile ishara za mwanzo za kipandauso. Kasi yake ndogo ikumbukeni, tutaihitaji kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya kwanza: hakikisha si dharura

Nenda hospitali mara moja ikiwa maumivu yamelipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja hivi. Ikiwa kuna homa na shingo imekakamaa. Ikiwa upande mmoja wa mwili umelegea, maneno hayatoki au akili haikai sawa na hali hairudi. Mjamzito, aliyejifungua karibuni, mwenye kinga iliyoshuka na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, maumivu mapya ya kichwa wasiyangojee nyumbani.

La kwetu hasa ni hili: ulianguka, ukagonga kichwa, ukaona umepona, kisha maumivu yanazidi siku hadi siku. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na dalili zikajitokeza baada ya siku kadhaa au hata wiki. Usiseme "ni kile kichwa changu cha kila siku." Na kifafa chenyewe kikizidi dakika 5, au kikirudia kabla fahamu hazijarejea, hiyo ni dharura.

Hatua ya pili: andika saa

Tafuta daftari dogo. Kila kichwa kinapouma andika kilianza saa ngapi, kiliisha saa ngapi, na mara ya mwisho ulishikwa na kifafa lini. Ongeza ulilalaje, ulikula, ulikunywa dawa kwa wakati, na kwa wanawake, siku za hedhi. Kazi ya daftari hili ni moja: kuonyesha maumivu yanakaa wapi ukilinganisha na kifafa.

Yanayokuja baada ya kifafa ndiyo ya kawaida zaidi. Wataalamu huyahesabu hivyo yakianza ndani ya saa 3 tangu kifafa kuisha na kutoweka ndani ya saa 72. Yanaweza kufanana kabisa na kipandauso: kichwa kinapwita, mwanga unachoma, tumbo linachafuka. Dawa yake kubwa ni kukidhibiti kifafa chenyewe.

Hapa nisikilizeni vizuri, hasa mnaolala peke yenu. Ukiamka na kichwa kizito, ulimi una kidonda pembeni, misuli inauma kama uliyebeba mizigo, au shuka limelowa mkojo, huenda ulishikwa usiku bila kujua. Mtu anaweza kusema kwa moyo safi "sijaanguka mwaka mzima," kumbe usiku anashikwa na asubuhi anatibu kichwa. Andika asubuhi hizo zote na umpelekee daktari.

Yapo yanayotangulia kifafa kwa saa kadhaa. Ukiyagundua, siku hiyo usiogelee, usipande juu, usikae karibu na moto peke yako. Yapo, kwa nadra sana, ambayo maumivu ndiyo kifafa chenyewe, na hilo huthibitishwa kwa kipimo cha umeme wa ubongo tu. Yanayobaki ni yale ya katikati, siku ambazo kifafa hakipo kabisa. Hayo ndiyo yaliyosahaulika. Yakichukua saa 4 hadi siku 3, yakipwita, mara nyingi upande mmoja, ukitaka giza na utulivu, kuna uwezekano mkubwa ni kipandauso.

Hatua ya tatu: ni ishara za kipandauso, au kifafa kinaanza?

Swali hili huwachanganya hata wauguzi, kwa sababu yote mawili yanaweza kukuletea mwanga machoni, ganzi mkononi au maneno kukwama. Rudi kwenye saa. Ishara za kipandauso hutambaa: doa dogo karibu na katikati ya macho, linapanuka, kingo zake zinametameta kama meno ya msumeno, na safari nzima huchukua dakika 5 hadi 60. Ganzi nayo hupanda kutoka vidoleni, kiganjani, hadi mdomoni, bila haraka. Kifafa hakitambai hivyo. Kinachoanzia sehemu ya ubongo inayoshughulikia macho huja ghafla, mara nyingi na vidoa vya mviringo vyenye rangi upande mmoja, na huisha kwa sekunde au dakika chache.

Ukipoteza fahamu, ukitafuna-tafuna mate au ukishika-shika nguo bila kujitambua, hicho elekeza kwenye kifafa. Anayekuona akurekodi kwa simu. Video ya dakika moja inamfaa daktari kuliko maelezo yangu na yako.

Hatua ya nne: chagua dawa ya maumivu kwa uangalifu

Parasetamoli ni mahali pazuri pa kuanzia. Mtu mzima asizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na anayetumia dawa za kifafa za karbamazepini, fenitoini au fenobarbitali asikaribie kiwango hicho, kwa sababu dawa hizo huongeza uwezekano wa ini kudhurika. Aibuprofeni inafaa kwa wengi, isipokuwa wenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au ujauzito. Aspirini na valproeti, dawa nyingine ya kifafa, haziendi pamoja, kwani aspirini huongeza nguvu ya valproeti mwilini. Tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, ikwepeni kabisa. Inaweza kuamsha kifafa, na inagawiwa kiholela mno.

Dawa ya maumivu uliyoichagua imeze mapema. Kipandauso kikishakolea tumbo hulegea na kidonge hukaa humo bila kufanya kazi.

Hatua ya tano: kitaje kichwa kliniki

Usisubiri kuulizwa. Fungua daftari, sema: "Mwezi huu kichwa kimeuma siku kadhaa; hizi ni baada ya kifafa, na hizi hazina uhusiano nacho." Hesabu hiyo hubadilisha mazungumzo. Kuna dawa za kifafa, kama topirameti na valproeti, ambazo pia huzuia kipandauso, na pengine kidonge kimoja kikafanya kazi ya viwili. Propranololi nayo huzuia kipandauso bila kuchokoza kifafa, ila wenye pumu haiwafai. Vinavyochokoza magonjwa yote mawili ni vilevile: usingizi pungufu, kukaa na njaa, pombe, msongo. Mimi usingizi ulinisaidia kuliko kidonge chochote kilichoongezwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante mtoa somo. Binti yangu ana miaka 15, ana kifafa na kipandauso. Umesema valproeti inatibu vyote, niombe abadilishiwe?

Jibu: Mama, kwa binti ningekuomba uwe mwangalifu sana. Valproeti ikitumika wakati wa ujauzito, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro za maumbile, na wengi zaidi huchelewa kukua kiakili. Ndiyo maana kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba huwa ni chaguo la mwisho. Topirameti nayo ina hatari kwa mimba. Muulize daktari njia nyingine, na kama tayari anatumia mojawapo, asiache ghafla. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kikali.

Swali: Kipandauso kikinishika natapika kila kitu, na dawa ya kifafa. Nirudie?

Jibu: Ukiona kidonge chenyewe kwenye matapishi, kwa kawaida hurudiwa. Kama muda umepita na hukioni, mpigie anayekutibu kabla ya kurudia, maana dozi mbili nazo zina madhara. Nakusihi uombe dawa ya kuzuia kutapika uwe nayo nyumbani. Wengi wetu tunaanguka siku ya kipandauso kwa sababu dawa ya kifafa iliishia kwenye beseni.

Swali: Mke wangu akishaanguka analia kichwa. Nimpe parasetamoli hapo hapo?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, subiri. Mlaze kwa ubavu na usimtie kitu mdomoni mpaka aongee vizuri, ajue alipo na aweze kumeza maji bila kukohoa. Hapo mpe, umwache alale mahali penye giza, uwe unamchungulia. Kama aligonga kichwa, rudi hatua ya kwanza.

Swali: Mkuu, mimi nanywa dawa za maumivu kila siku na kichwa bado kipo. Dawa zimezoeleka?

Jibu: Huenda dawa zenyewe ndizo zinazokiumiza kichwa. Parasetamoli au aibuprofeni kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, au zile zenye mchanganyiko na za jamii ya tramadoli kwa siku 10, zikiendelea zaidi ya miezi mitatu, huzaa maumivu ya kila siku. Zinapunguzwa kwa msaada wa daktari, na wiki za mwanzo ni ngumu. Dawa za kifafa usiziguse.

Swali: Tangu niongezewe karbamazepini kichwa kinauma na najisikia mlevi. Inahusiana?

Jibu: Inawezekana sana. Karbamazepini inaweza kushusha chumvi ya sodiamu kwenye damu, na dalili zake ni hizo: kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Sodiamu ikishuka sana, kifafa chenyewe huongezeka. Usipunguze dozi mwenyewe. Nenda leo au kesho ukapimwe damu, na uwaambie tarehe uliyoongezewa.

Swali: Natumia vidonge vya uzazi wa mpango na naona ile mistari ya msumeno. Kuna shida?

Jibu: Ndiyo, dada, na ni shida mbili. Vidonge vyenye estrojeni kwa mwenye kipandauso cha ishara huongeza hatari ya kiharusi, kwa hiyo njia hiyo ibadilishwe. Ya pili, karbamazepini, fenitoini na fenobarbitali hupunguza nguvu ya vidonge hivyo hadi mimba ikaingia, na vyenyewe vikikutana na lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, huishusha mwilini, kifafa kikarudi. Kitanzi hakina mgongano na dawa hizo. Ukienda kliniki ya uzazi, beba vidonge vyako vyote vya kifafa uvionyeshe.